Wastani wa maziwa waficha vikombe vitupu

KILA inapowadia Juni 1, Siku ya Maziwa Duniani, Wakenya hukumbushwa kwamba taifa lao ni miongoni mwa yale yanayokunywa maziwa kwa wingi zaidi barani Afrika. Takwimu ambayo hutajwa aghalabu ni lita 110 hivi kwa kila mtu kwa mwaka, kiwango kinachowazidi kwa mbali majirani Tanzania na Uganda.

Fahari hiyo ina msingi. Nchi huzalisha zaidi ya lita bilioni 5 za maziwa kila mwaka, na sehemu kubwa hutoka kwa wakulima wadogo wenye ng'ombe wachache tu nyuma ya nyumba. Ni mataifa machache ya Afrika ambako chai bila maziwa huhesabiwa kuwa dalili ya ufukara.

Hata hivyo, wastani ni kipimo chenye hila. Anayekunywa vikombe vinne na jirani yake asiyeonja hata tone, wakihesabiwa pamoja, kila mmoja huambiwa amekunywa viwili. Hivyo ndivyo lita 110 zinavyowajumlisha mkazi wa Githunguri, ambaye ng'ombe wake hukamwa mara mbili kwa siku, na mama wa Kinango anayenunua pakiti moja ndogo ili chai ya watu saba ibadilike rangi.

Suala ambalo wachanganuzi wa sera za chakula wanapaswa kulidadisi ni chanzo cha tofauti hizo. Maelezo ambayo husikika mara nyingi ni mepesi: kwamba jamii fulani ni za wafugaji na nyingine ni za wakulima au wavuvi, na kwamba kila moja inakunywa kwa mujibu wa mila zake.

Maelezo hayo hayatoshi. Historia ya Kenya katika miaka 100 iliyopita inaonyesha kwamba ramani ya maziwa imechorwa zaidi na sera, barabara, magonjwa ya mifugo na soko kuliko mila. Ithibati kuu ni kwamba ramani hiyo imewahi kugeuzwa juu chini.

Walioitwa wala mboga

Mnamo 1931, ripoti iliyochapishwa London iliwalinganisha Wamaasai na Wakikuyu kwa chakula na siha. Waandishi wake walikuwa John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, na J. L. Gilks, aliyekuwa mkuu wa huduma za matibabu katika koloni la Kenya. Boyd Orr baadaye alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), na akatunukiwa Nobel ya Amani mnamo 1949.

Ripoti hiyo ilidai kwamba Mmaasai mwanamume aliyekomaa alimzidi mwenzake Mkikuyu kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzani. Sababu iliyotolewa ilikuwa chakula: Mmaasai aliishi kwa maziwa, nyama na damu, ilhali Mkikuyu aliishi kwa nafaka, viazi na ndizi.

Wanahistoria wa baadaye waliikosoa kazi hiyo, hasa namna watu waliopimwa walivyochaguliwa na jinsi lishe ya Wakikuyu ilivyorahisishwa kupita kiasi. Licha ya kasoro hizo, taswira iliyobaki akilini mwa watawala ilikuwa moja: nyanda za wafugaji ndiko kwenye maziwa, na milima ya Kati ni ya watu wa mboga na mahindi.

Leo, takriban karne moja baadaye, taswira hiyo imepinduka. Kiambu, Nyandarua, Nyeri na Murang'a, pamoja na Meru na kaunti za Bonde la Ufa zenye mvua kama vile Nandi, Uasin Gishu, Bomet na Nakuru, ndizo ngome za maziwa nchini. Nako kwenye nyanda kame ambako mgeni alikaribishwa kwa kibuyu, watoto wengi hupitisha miezi ya kiangazi kwa chai ya rangi, ile ambayo watu wa bara huiita strungi na wa Pwani huiita mkandaa.

Mila za watu wa Kati hazikugeuka kimiujiza. Kilichogeuka ni mazingira ya kiuchumi waliyowekewa.

Mkono wa serikali

Shirika la KCC lilianzishwa mnamo 1925 na walowezi, na kwa miongo kadhaa biashara ya maziwa mijini ilikuwa mikononi mwao. Mwafrika hakuruhusiwa kwa urahisi kufuga ng'ombe wa gredi, kwa kisingizio kwamba mifugo yake ingeeneza magonjwa katika mashamba ya wazungu.

Mambo yalianza kubadilika mnamo 1954. Katikati ya vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilizindua Mpango wa Swynnerton, uliotoa hatimiliki za ardhi na kuwaruhusu Waafrika wa maeneo yenye rutuba kulima mimea ya biashara na kufuga ng'ombe wa kisasa. Lengo lilikuwa la kisiasa, yaani kuunda tabaka la wakulima waliotulia, lakini matokeo yake yalionekana katika sufuria za chai.

Uhuru ulipokaribia, mashamba ya walowezi yaligawanywa kwa wakulima wadogo katika maeneo kama Kinangop na Ol Kalou. Kituo cha kitaifa cha mbegu za mafahali, kilichoanzishwa Kabete mnamo 1946, kiliendelea kuwafaa wakulima hao. Majosho ya kuogeshea mifugo yalijengwa, maafisa wa mifugo wakatumwa mashinani, na vyama vya ushirika vikakusanya maziwa kutoka boma hadi boma. Chama cha Githunguri, kilichoundwa mnamo 1961 na wakulima 31, leo kina kiwanda chake chenyewe.

Nyanda kame hazikupata fungu kama hilo. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, uliokuwa dira ya uchumi wa taifa changa, ulieleza kwamba fedha za maendeleo zingepelekwa kwanza katika maeneo yenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na miundomsingi, kwa sababu huko ndiko zingeleta faida ya haraka. Kaskazini, ambayo tangu enzi za ukoloni ilikuwa imetengwa, iliendelea kusubiri.

Soko lilipofunguliwa mnamo 1992 na ukiritimba wa KCC kufikia kikomo, pengo hilo lilipanuka. Kampuni za kibinafsi zilichipuka na kujenga vituo vya kukusanyia maziwa, lakini zilifanya hivyo kando ya barabara nzuri na karibu na wakulima wenye mazao mengi. KCC yenyewe ililemewa na madeni, ikauzwa mnamo 2000, kisha ikarejeshwa mikononi mwa umma mnamo 2003 na kuitwa New KCC.

Kwa hivyo, mkazi wa Kati anayekunywa maziwa mengi leo anavuna matunda ya miaka 70 ya uwekezaji. Hilo si kosa lake. Kosa ni kudhani kwamba wengine hawanywi kwa kuwa hawapendi.

Hoja ya tumbo

Wapo wanaodai kwamba tofauti hizi zimo damuni. Hoja hii ina chembe ya ukweli inayostahili kuchunguzwa.

Maziwa yana sukari ya asili iitwayo laktosi. Mtoto mchanga huwa na kimeng'enya cha laktasi kinachoivunja, lakini kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya utotoni. Mtu mzima wa namna hiyo akinywa maziwa mabichi kwa wingi, tumbo humsokota na kujaa gesi.

Mnamo 2007, kundi la wanasayansi lililoongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyiwa watu 470 kutoka jamii 43 za Kenya, Tanzania na Sudan. Waligundua mabadiliko katika jeni yanayowawezesha watu wengi wa jamii za wafugaji kuendelea kumeng'enya maziwa ukubwani. Mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya Wazungu, na yale yaliyoenea zaidi nchini Kenya na Tanzania yalikadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 2,700 na 6,800.

Lakini utafiti mwingine, uliochapishwa mnamo 2021, uliongeza jambo linaloipunguzia hoja ya damu uzito. Watafiti walichunguza ukoko uliogandamana kwenye meno ya watu wa kale waliofukuliwa Sudan na Kenya, wakakuta protini za maziwa. Ushahidi wa kale zaidi, kutoka Sudan, ulikuwa wa takriban miaka 6,000 iliyopita. Kwa maneno mengine, watu wa ukanda huu walianza kunywa maziwa kabla ya miili yao kuyazoea.

Waliwezaje? Jibu lingali kwenye vibuyu hadi leo. Maziwa yakigandishwa, vijidudu vinavyoyachachusha hula sehemu ya sukari hiyo na kulipunguzia tumbo kazi. Mursik wa Wakalenjin, unaotiwa makaa ya mti wa senetwet na ambao mabingwa wa riadha hupokelewa nao uwanja wa ndege, ni mfano mmoja. Susa ya ngamia miongoni mwa Wasomali na maziwa lala yanayouzwa madukani kote nchini ni mingine.

Aidha, Mkenya wa kawaida hanywi maziwa kwa bilauri kubwa. Huyanywa kidogo kidogo ndani ya chai, kiasi ambacho hata asiye na kimeng'enya hicho kwa kawaida hukistahimili. Tumbo, basi, haliwezi kubebeshwa lawama zote za kikombe kitupu.

Kaskazini: wingi na uhaba

Tatizo la nyanda za kaskazini ni kwamba mwaka mmoja una sura mbili. Mvua inaponyesha na malisho kuchipuka, kibuyu hujaa, na maziwa huwa ndicho chakula hasa cha mtoto. Kiangazi kikikaza, mifugo huhamishwa mbali kutafuta nyasi, nao akina mama, wazee na watoto husalia vijijini bila mnyama wa kukamwa.

Watafiti Elliot Fratkin, Eric Roth na Martha Nathan waliwafuatilia watoto wa jamii ya Warendille katika eneo la Marsabit katika miaka ya 1990. Waligundua kwamba watoto waliobaki katika familia za kuhamahama walikunywa maziwa mara tatu zaidi ya wale ambao familia zao zilikuwa zimefanya makazi ya kudumu karibu na miji, na walikuwa na afya bora ya mwili.

Matokeo hayo yanapaswa kuwasumbua wapangaji wa sera. Kwa miongo kadhaa familia za wafugaji zilihimizwa kutulia ili zipate shule, zahanati na chakula cha msaada. Manufaa hayo ni ya kweli na hakuna anayeyapinga. Lakini katika mizani hiyo hiyo mtoto alipoteza kikombe chake, na hakuna aliyekuwa amepanga kumrudishia.

Kisha ukaja ukame wa kati ya 2020 na 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Zaidi ya mifugo milioni 2 iliangamia nchini. Kwa mfugaji, kila ng'ombe aliyekufa alikuwa ni akiba iliyozama na vilevile chakula cha mtoto kilichokatika.

Ni katika hali hiyo ambapo ngamia amepanda hadhi. Mnyama huyu huendelea kutoa maziwa wakati ng'ombe ameshakauka, na hata Wasamburu, ambao fahari yao kwa karne nyingi ilikuwa ng'ombe, wamezidi kumkumbatia. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya ngamia milioni 4 nchini.

Mjini Isiolo, wanawake wameigeuza fursa hiyo kuwa biashara. Hukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji, kuyapoesha na kuyasafirisha kwa basi hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ambako wateja ni tele. Kutiwa lami kwa barabara ya Isiolo hadi Moyale katika miaka ya 2010 kuliifungua zaidi kanda hiyo.

Kinaya ni kwamba mafanikio hayo yana upande wa pili. Maziwa yanayopata soko Nairobi ni maziwa yanayoondoka bomani. Mama akiyauza anaweza kununua unga, sukari na karo, lakini kama bei ni nzuri na njaa ya pesa ni kali, kikombe cha mtoto ndicho hupunguzwa kwanza. Isitoshe, maziwa ya ngamia mara nyingi hunywewa bila kuchemshwa, jambo linaloacha mwanya kwa ugonjwa wa brusela.

Magharibi na Pwani

Katika kaunti za Magharibi na zile zinazopakana na Ziwa Victoria, kinachokosekana si mvua wala nyasi. Ng'ombe wapo. Tatizo ni aina ya ng'ombe na maradhi yanayowavizia.

Ng'ombe wa kienyeji huko hutoa kwa kawaida lita moja au mbili kwa siku, baada ya ndama kunyonya. Thamani yake imo katika kulima, kulipia mahari na kutumika kama akiba ya siku ya dhiki. Mkulima anayejaribu kuleta ng'ombe wa gredi hukumbana na ndigana, maradhi yanayoenezwa na kupe, na katika maeneo kama bonde la Lambwe hukumbana pia na mbung'o wanaoambukiza nagana.

Chanjo ya ndigana ipo. Ilibuniwa Muguga, katika Kaunti ya Kiambu, katika miaka ya 1970. Lakini lazima ihifadhiwe katika naitrojeni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, hivyo kumfikishia mkulima mwenye ng'ombe mmoja kijijini ni ghali. Majosho ya umma, ambayo yangepunguza kupe kwa gharama ndogo, mengi yalisambaratika serikali ilipojiondoa katika huduma za mifugo miaka ya 1980 na 1990.

Pwani nako, joto, unyevu, kupe na mbung'o vimewafanya ng'ombe wa maziwa kuwa wageni wagumu kulea. Waduruma wa Kinango na Waorma wa Mto Tana ni wafugaji mahiri, lakini mifugo yao hutegemea mvua kama ya kaskazini. Maziwa mengi yanayouzwa Mombasa husafirishwa kutoka bara, na kila kilomita huongeza bei.

Katika jiko la Mswahili, tui la nazi ndilo limekuwa likifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na maziwa: kuunga mchuzi, kupikia wali na kuchemshia maharagwe. Ni upishi wa kupendeza, lakini tui halina protini wala kalsiamu ya kulinganishwa na maziwa. Panapokosekana pesa za samaki, mtoto hupungukiwa pande zote mbili.

Takwimu za Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 zinatia wasiwasi. Kiwango cha udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano kilishuka nchini kutoka asilimia 26 mnamo 2014 hadi asilimia 18. Lakini Kilifi ilikuwa na asilimia 37, Pokot Magharibi asilimia 34 na Samburu asilimia 31.

Ni muhimu kutahadhari hapa. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maji machafu, maradhi ya kuhara na umaskini, na itakuwa makosa kuutwika uhaba wa maziwa pekee. Hata hivyo, kuwepo kwa Pokot Magharibi na Samburu katika orodha hiyo kunathibitisha kwamba kumiliki mifugo ni jambo moja, na mtoto kupata maziwa mwaka mzima ni jambo jingine.

Kwamba maziwa yana mchango wake kulionekana kwenye utafiti uliofanywa Embu kati ya 1998 na 2000 katika shule 12. Baadhi ya wanafunzi walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chochote. Waliopewa nyama walifanya vyema zaidi katika majaribio ya akili. Waliopewa maziwa, hasa wale wadogo waliokuwa wamedumaa, waliongezeka kimo.

Somo la maziwa ya Nyayo

Kenya imewahi kujaribu kuisawazisha ramani hii. Mnamo 1979, Rais Daniel arap Moi aliamuru wanafunzi wa shule za msingi wapewe maziwa bila malipo. Pakiti za mililita 200, maarufu kama maziwa ya Nyayo, ziliwafikia mamilioni ya watoto, na wengi waliokulia mbali na ng'ombe wa gredi wanazikumbuka hadi leo.

Mpango huo ulififia na kukoma katika miaka ya 1990, hazina ya serikali ilipokauka na KCC kuyumba. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ulitegemea mnunuzi mmoja, msindikaji mmoja na mlipaji mmoja. Mmoja alipojikwaa, wote walianguka. Isitoshe, maziwa yalisafirishwa kutoka maeneo yenye wingi hadi yenye uhaba bila kujenga uwezo wa maeneo hayo kujizalishia.

Mwelekeo wa sasa una kasoro tofauti. Serikali ya kitaifa imekuwa ikisambaza mitambo ya kupoesha maziwa kwa vyama vya ushirika, na mnamo Machi 2024 bei ambayo New KCC humlipa mkulima ilipandishwa hadi Sh50 kwa lita. Hizi ni hatua za kumfaa mkulima, na mkulima alistahili. Lakini mtambo wa kupoesha humfaa mwenye maziwa ya kupoesha, na bei ikipanda, anayenunua kwa pakiti ndogo ndiye huhisi makali yake.

Mgogoro huo wa maslahi hujitokeza pia mpakani. Mnamo Januari 2020, maafisa wa Kenya walinasa shehena ya maziwa ya chapa ya Lato kutoka Uganda, hatua iliyozua mtafaruku wa kidiplomasia. Mnamo Machi 2023, Bodi ya Maziwa Kenya ilisitisha uagizaji wa maziwa ya unga. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumlinda mkulima wa humu nchini dhidi ya maziwa ya bei ya chini.

Ulinzi huo unaeleweka ukitazamwa kutoka Nyandarua. Ukitazamwa kutoka Busia au Homa Bay, ambako maziwa ya nyumbani hayatoshi na yale ya Uganda yako jirani, sura yake hubadilika. Sera inayoitwa ya kitaifa huwa imechagua, bila kusema, ni mkoa upi unaozungumza kwa niaba ya taifa.

Njia iliyopo mbele

Katiba ya 2010 haijaacha suala hili kwa hisani ya viongozi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora, na Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Kilimo na elimu ya chekechea ni majukumu ya kaunti tangu 2013.

Hatua ya kwanza ni kupima kikombe mahali kilipo. Maadamu serikali itaendelea kutangaza wastani mmoja wa nchi nzima, uhaba wa Kwale na wa Turkana utaendelea kufunikwa na wingi wa Kiambu. Takwimu za unywaji zinapaswa kutolewa kwa kila kaunti na kwa kila msimu, ili Oktoba ya Marsabit isifichwe na Mei yake.

Hatua ya pili ni maziwa ya shule yanayonunuliwa karibu na shule. Baadhi ya kaunti zimejaribu kuwapa maziwa watoto wa chekechea. Mpango huo ukiwekewa fedha za kudumu na kununua maziwa ya ngamia Wajir, ya ng'ombe wa Waduruma Kwale na ya vyama vya wanawake Kakamega, utakuwa unamlisha mtoto na kumjengea mkulima soko kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo maziwa ya Nyayo yalipokosea, na hapo ndipo kosa laweza kurekebishwa.

Hatua ya tatu ni kufufua huduma za mifugo zilizoachwa kufa: majosho, chanjo na mbegu bora zinazostahimili joto na maradhi ya eneo husika. Kati ilifaidi huduma hizi kwa fedha za umma ilipokuwa changa. Itakuwa dhuluma kumwambia mkulima wa Siaya kwamba leo kila kitu ni cha kujinunulia.

Kuhusu nyanda kame, mfano upo kuvuka mpaka. Katika Jimbo la Kisomali nchini Ethiopia, mradi ulioongozwa na Save the Children na Chuo Kikuu cha Tufts uliwapa wafugaji lishe ya mifugo wakati wa kiangazi ili wanyama wachache wa kukamwa wabaki bomani na watoto. Maziwa yaliendelea kupatikana, na hali ya lishe ya watoto haikuporomoka kama kwingineko. Kulisha mbuzi kabla ya mtoto kudhoofika huzuia hitaji la kumtibu mtoto aliyekwisha kudhoofika.

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Historia ya Kenya inaonyesha kwamba methali hiyo si hukumu ya milele. Mkulima wa Githunguri ambaye babu yake alizuiwa kufuga ng'ombe wa gredi leo anauza maziwa Nairobi, kwa kuwa kuna wakati serikali iliamua kumfungulia mlango. Swali ambalo wastani wa lita 110 haujibu ni lini mlango huo utafunguliwa Kinango, Siaya na Marsabit.